Watu wa Kolo

Tulivuka Holili na masanduku mawili,
moja la nguo zetu, moja la nguo za mtu
tusiyemjua kimo. Mwakio alinunua viatu
jozi tatu, kila moja na saizi yake,
akiona haya kupiga simu kuuliza.
Afisa wa forodha akavigeuzageuza: "Mnao watatu?"
"Bado," nikajibu. Akagonga mhuri.

Moshi, mlima ulikuwa umejifunika.
Babati tulikula samaki wa ziwani
tukapiga picha kama watalii,
maana mtu hawezi kuwaza jambo moja
kilomita karibu mia saba.

Kolo tukateremka. Sufiani, mtembeza wageni,
akatupandisha mwambani, jua likitupima visogo.
Alionyesha kwa ncha ya jani, asije akagusa:
watu wembamba, wekundu, vichwa kama mizinga ya nyuki,
na katikati yao mmoja
ameshikwa mikono, huku na huku.
"Wengine husema anatekwa.
Wengine husema anaokolewa.
Wengine, kwamba ni ngoma tu."
"Na wewe?"
"Mimi nalipwa kuonyesha, mama, si kuamua."
Mwakio akacheka. Mimi nilitazama miguu ya yule wa kati.
Sikuweza kujua kama inakwenda au inakataa.

Dodoma ilikuwa foleni.
Ofisi ya ustawi wa jamii, feni inayozunguka ikijisikia,
Bi Ndahani na miwani yake ya kamba:
barua ya mchungaji, barua ya benki, cheti cha daktari,
picha nne, nyuma rangi ya buluu.
"Hii ni nyeupe. Rudini."
Tukarudi. Tukaambiwa Alhamisi. Alhamisi tukaambiwa Jumatatu.
Katikati ya hapo tukaenda Hombolo kuona mizabibu,
kijani kibichi katika nchi kavu vile.
Mkulima akaanza kutueleza habari za kupandikiza,
jinsi tawi la kigeni linavyolishika shina,
akitukazia macho kwa maana.
Nikamuuliza bei ya kilo.

Usiku, chumbani Nkuhungu, upepo ukisaga mchanga dirishani,
nililimenya neno kama karanga:
kuasili. Ndani mna asili.
Ukilikata mapema, mna kuasi.
Nani anayeasi hapa? Mimi,
na tumbo langu lililofunga duka?
Au Mwakio, mbele ya ukoo wake
uliosema damu haikopwi?
Alikuwa amelala. Nikazima taa.

Jumanne tukamwona Mwaja.
Miaka mitatu na nusu, kovu dogo juu ya nyusi,
kijiko mkononi ambacho, mlezi alisema,
hulala nacho.
"Haya, amkia wageni." Hakuamkia.
Akavitazama viatu vyote,
akachagua vile vikubwa zaidi.

Nilikuwa nimejifunza salamu moja, Mbukwenyi,
nikaitamka kwa ulimi wa Wundanyi.
Akanicheka. Kicheko chake kilikuwa na Kigogo ndani,
nami sina kamusi.

Miezi ikaenda. Uwele ukavunwa.
Tukajua kula mlenda bila kuchafua kifua.
Hakimu akasoma jina lake, akasoma letu,
kisha akayasoma pamoja, taratibu,
kama mtu anayeonja uji wa moto.

Jana tulimtembeza Majengo, sokoni.
Mwakio kushoto, mimi kulia, vumbi jekundu hadi magotini.
Mbele ya duka la simu kioo kikatukamata:
wawili warefu,
na katikati mmoja, mikono imenyooshwa huku na huku.

Nikauachia mkono wangu.
Mwakio akanitazama, halafu naye akauachia wake.

Mwaja akasimama. Viatu vikubwa, kijiko.
Akageuka kutazama njia tuliyotokea,
muda mrefu, mrefu kunizidi pumzi,
kisha akatazama meza ya mwanamke mmoja.
"Zile," akasema.
Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.
Nikanunua zabibu kilo mbili
bila kuomba punguzo.